Mama Aliyeitikia Kila Ukurasa

Redio ilikuwa juu ya kabati la vyombo, na watu watatu walikuwa wameizunguka kama ndugu wanaomsubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Saa tatu usiku ilikwisha kupita. Spika alikuwa ameongeza muda wa kikao mara mbili, na kila alipoongeza, mama wa nyumba aliinuka, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, akakaa tena. Mumewe, fundi viatu, alikuwa na kiatu cha mteja mapajani, lakini sindano yake ilikuwa imesimama. Wifi ya mama, dada wa fundi, ndiye aliyekaa karibu na redio kuliko wote, kidole kwenye kitufe cha sauti, maana ndiye aliyekuwa na mzigo barabarani.

Barabara itokayo bandarini, ambayo hupita nchi jirani kabla ya kufika kwao, ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki kwa siku ya arobaini sasa. Malori yalikuwa yamekwama, mengine yamechomwa moto. Serikali ilitaka ruhusa ya Bunge ipeleke askari ng'ambo ya mpaka wakayasindikize. Wifi aliitaka ruhusa hiyo hata kabla kesho haijafika, kwa sababu marobota yake manane ya vitambaa yalikuwa kwenye lori mojawapo, yananyeshewa. Mama hakuitaka. Kitinda mimba wake, binti wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa dereva wa gari la jeshi, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu Jumapili.

Hata hivyo mama alikuwa na mahali pa kushika. Alikuwa na Mheshimiwa.

Kwa miaka sita alikuwa akipika chai katika ofisi ya mbunge mmoja, mtu aliyewahi kuwa mwalimu wa jiografia na ambaye wafanyakazi wote walimwita Bwana Ramani akigeuza mgongo. Mama mwenyewe walimwita Mama Birika. Madereva walipenda kumtania kwamba jina ni la birika lakini mkono si wa birika, kwa jinsi alivyokuwa akiwamiminia hadi kikombe kifurike. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimsikia Mheshimiwa akisema jambo lile lile kuhusu majeshi: askari wetu walinde mlango wetu, ugomvi wa jirani tukausuluhishe kwa maneno, na mfanyabiashara mdogo aruhusiwe kuvuka kwa karatasi moja badala ya saba. Aliyasema kwenye kamati, kwenye magazeti, na hata kwenye simu akizungumza na mkewe. Mtu angeweza kumwamsha usingizini akayasema.

Ndiyo maana Kitinda alipotaka kujiunga na jeshi, ni mama aliyesimama upande wake. Baba alikataa katakata. Alitaka mtoto asomee uuguzi. Mama alimbembeleza mwezi mzima. Alimwambia jeshi letu haliendi popote, mtoto ataendesha gari kambini, atapata mshahara na bima, na kama kuna siku mtu atataka kuwapeleka nje, Mheshimiwa yupo. Baba watoto akanyamaza, ambayo kwake ni namna ya kukubali na pia namna ya kuweka kumbukumbu.

Saa nne kasorobo Spika akamwita Mheshimiwa. Mama akavuta kiti. Aliijua sauti ile ilivyokuwa ikianza, kukohoa kidogo mara mbili kama anayegonga mlango. Mheshimiwa akaeleza habari ya barabara, ya dawa zilizokwama, ya mbolea ambayo isipofika mwezi huu haina haja ya kufika. Akasema serikali ya jirani yenyewe imeandika barua kuomba msaada. Kisha akasema kwamba yeye, aliyepinga jambo hili miaka yote, amefikiri upya, na kesho atapiga kura ya ndiyo.

Wifi akapiga makofi. Alipiga matatu, la nne likaishia hewani, kwa sababu alikuwa amemwona mama usoni na kukumbuka Kitinda yuko wapi.

Redio haikuwa na habari nao. "Sikuamua peke yangu," Mheshimiwa alikuwa akisema. "Jana nilimsomea mama mmoja maneno haya haya. Si mwanasiasa, si mtaalamu, ni mzazi kama wazazi wenu. Aliitikia kwa kichwa kila ukurasa."

Fundi viatu akaiweka chini sindano. Akamtazama mkewe kwa muda, si kwa hasira, bali kama anavyotazama soli iliyoachia. "Mama gani huyo?" akauliza.

Mama akachukua kitambaa, akaifuta meza tena.

Ilikuwa hivi. Mheshimiwa alipokuwa mwalimu alikuwa na mtindo wake: kila alipofundisha jambo jipya alimtazama mwanafunzi wa dawati la nyuma, na yule akielewa, darasa zima limeelewa. Alipoingia bungeni alihama na mtindo wake, ila dawati la nyuma sasa lilikuwa mama wa chai. Kila Jumanne baada ya chakula cha mchana alimwita, yeye akasimama karibu na mlango na sinia mkononi, na Mheshimiwa akamsomea hotuba ya wiki ile. Mwisho wa kila ukurasa alilowesha kidole kwa ulimi na kumtazama. Mama akiitikia kwa kichwa, anafunua ukurasa wa pili. Asipoitikia, Mheshimiwa anachukua kalamu, anafuta, anasema upya kwa maneno mepesi.

Mwaka wa kwanza mama alisikiliza kwelikweli, na aliona fahari. Aliishia darasa la sita, na hapa alikuwa na mbunge mzima akimsubiri aelewe. Lakini hotuba zilikuwa ndefu, za ushuru wa forodha, mikataba ya bandari, balozi gani ifunguliwe na ipi ifungwe, na kila alipokataa kuitikia, ukurasa ulianza upya. Huko jikoni maji yalikuwa yakikauka kwenye birika na vikombe vya kamati vikimsubiri, na katibu wa ofisi, mwanamke waliyempa jina la Kufuli, hakuwa mtu wa kusubirishwa. Polepole mama akajifunza kukisikiliza kile kidole badala ya maneno. Kidole kikienda mdomoni, kichwa kinashuka. Hakuona ubaya. Aliona ni adabu tu, kama mtu anavyoitikia hadithi ya mgeni aliyekwisha kuisimulia.

Na Jumanne hii alikuwa amesimama pale pale, akifikiri habari za simu ya Kitinda isiyopatikana. Mheshimiwa alisoma kurasa nne. Mama aliitikia mara nne. Akaondoka na vikombe.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyameza mezani wakati mumewe akisubiri jibu, na hakuwa amepata pa kuanzia, simu ikalia. Alikuwa Kitinda mwenyewe. Alizungumza haraka, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeazima simu. Wameambiwa wafungashe. Kura ikipita kesho, wanaondoka usiku huo huo; yeye anaendesha gari la pili kwenye msafara. Mama akauliza kama anakula, swali la kijinga, akalijua ni la kijinga hata kabla halijamtoka. Kitinda akasema anakula. Kisha akasema jambo ambalo ndilo hasa lililomfanya apige.

"Mama, usiende kumwomba bosi wako. Wenzangu wanajua unakofanya kazi. Tayari wananiita mtoto wa Bunge."

"Sijasema nitamwomba."

"Hujasema, lakini nakujua. Jina langu likifutwa, kuna mwenzangu atashika usukani ule ule. Analala kitanda cha juu yangu. Usinifanyie hivyo."

Simu ikakatika. Mama akaishika bado sikioni ili asiulizwe kitu.

Asubuhi alifika ofisini kabla ya mlinzi kuzima taa za nje. Hakuwa amelala, na usiku kucha mumewe, aliyejitia kulala, alikuwa akigeukia ukuta kila alipogeuka yeye. Alikuwa amemweleza yote gizani, na baba watoto alikuwa amesema neno moja tu, kwamba aliyefunga fundo ndiye anayejua linafunguliwa vipi. Halikuwa tusi. Lakini halikuwa faraja pia.

Mpango wake ulikuwa mfupi. Kura ilikuwa saa kumi jioni. Kabla ya hapo, saa tano, kamati ya ulinzi na mambo ya nje ingekaa kurekebisha maneno ya azimio, na Mheshimiwa alikuwa mjumbe. Kwa hiyo alikuwa na saa chache za kumwona peke yake. Alitaka kumwambia ukweli mmoja tu, kwamba yule mama wa hotubani hakuwa amesikiliza. Baada ya hapo hakujua ataomba nini, maana lile aliloweza kuomba alikuwa amekatazwa.

Kufuli alimwambia Mheshimiwa ana wageni saa mbili, simu saa tatu na wageni wengine saa tatu na nusu. Mama akasema ni dakika tano tu. Kufuli akasema kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi lile alisema ni dakika tano. Akamtazama kidogo, akaona macho mekundu, akauliza kama nyumbani kuna msiba. Mama akasema hakuna. Kufuli akarudi kwenye mafaili yake, lakini baadaye kidogo akasogeza pembeni, nusu hatua, kiti chake kilichoziba njia ya mlango wa Mheshimiwa, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake.

Wageni wa saa tatu na nusu ndio waliofungua njia, ingawa si kwa namna ambayo mama angeichagua. Walikuwa wafanyabiashara kumi na moja, wanawake saba na wanaume wanne, wamekuja kumshukuru Mheshimiwa kwa hotuba. Walivaa vizuri kama wanaokwenda harusini. Mama akaingia na chai. Wengi walikuwa watu wa aina ya wifi yake, miguu iliyovimba ndani ya viatu vya kubana, simu mbili mbili mkononi. Mwanamke mmoja alikuwa na lori lililochomwa moto, na alieleza jambo hilo bila machozi, kama anayesoma orodha, kwamba utingo aliruka na dereva hakuwahi kuruka. Mama akasimama na birika mkononi, akisikia neno lile, dereva, likimzunguka kichwani.

Ndipo Mheshimiwa akamwona, uso ukamng'aa. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoufanya mzigo kuwa mzito zaidi. "Wageni wangu," akasema, "mlitaka kumjua yule mama niliyemtaja. Huyu hapa."

Wakampigia makofi. Yule mwenye lori lililoungua aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia Mungu amzidishie, kwani wazazi wenye moyo wa namna hiyo ni wachache. Mama alihisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alitaka sakafu ipasuke. Alichoweza kusema ni kwamba chai itapoa.

Walipotoka, alikusanya vikombe kumi na viwili polepole mno. Mheshimiwa alikuwa tayari ameinamia karatasi zake. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne na robo. Mama akafika mlangoni, akaurudisha kwa kisigino hadi ukafungika, akaliweka sinia sakafuni kwa sababu vijiko vilikuwa vikigongana, vikimsengenya.

"Mheshimiwa, Jumanne sikusikiliza."

Akainua kichwa. "Hukusikiliza nini?"

"Hotuba. Niliitikia tu. Ukilowesha kidole mimi naitikia."

Mheshimiwa alikitazama kidole chake. "Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Mheshimiwa akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja. Pengine alikuwa akizihesabu hotuba, Jumanne moja baada ya nyingine, ile ya bandari, ile ya ubalozi, ile ya ushuru wa vitambaa iliyomletea wapinzani katika chama chake mwenyewe. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha, akasema kwamba miaka ishirini darasani hakuna mtoto aliyewahi kumpiga chenga ya namna hiyo. Mama hakucheka. Akangoja afukuzwe kazi. Alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu alfajiri na hata alikuwa amekwisha kutoa kanga yake ya akiba kwenye kabati la jikoni akaitia mkobani.

Badala ya kumfukuza, Mheshimiwa aliuliza kwa nini anamwambia leo.

"Kitinda wangu ni dereva wa jeshi," mama akasema. "Gari la pili."

Yule mtu aliinuka kwenye kiti. Alikwenda dirishani, akarudi. Alijua mama ana watoto wanne; alikuwa amechangia ada ya mmoja. Hakujua mdogo yuko wapi, kwani hakuwahi kuuliza, na mama aliona wazi jinsi jambo hilo lilivyomchoma. Akavuta simu ya mezani karibu, akaweka mkono juu yake.

"Namba yake ya jeshi unaijua?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ni simu moja tu. Hakuna atakayejua."

Mama aliijua. Aliijua kama anavyojua siku waliyozaliwa watoto wake, tarakimu saba, na zote zilimfika mdomoni kwa pamoja. Mheshimiwa hakumsubiri aseme. Kwa mazoea ya miaka sita alikuwa akikitazama kichwa chake. Kingeshuka kidogo tu, inchi moja, simu ingeinuliwa. Kitinda angekasirika mwaka mzima, labda miwili, lakini angekasirika akiwa hai, jikoni, akigongagonga sufuria. Mama akayaona hayo yote. Akamwona na yule mwingine wa kitanda cha juu, asiyemjua jina wala sura, ambaye bila shaka naye alikuwa na mtu nyumbani aliyemwuliza jana kama anakula.

Akaikaza shingo. Aliikaza hadi ikamwuma. Hakuwa na uhakika kama anafanya jambo jema au anamuua mwanawe, na hakukuwa na wa kumwuliza.

"Nisomee tena," akasema.

"Nini?"

"Ile hotuba. Nisomee tena, Mheshimiwa. Nitasikiliza."

Mheshimiwa akatazama saa, akatazama mlango. Kisha, pengine kwa sababu alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kitu kingine chochote, akaondoa mkono kwenye simu, akafungua faili, akasoma. Mama hakusimama karibu na mlango safari hii. Alivuta kiti cha wageni akakaa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika chumba kile.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa barabara na malori. Alifikiri habari za marobota ya wifi yake na za yule mwanamke wa asubuhi, akaitikia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Ukurasa wa pili ulikuwa wa barua ya jirani, kwamba wanaomba wenyewe, kwamba hakuna anayevamia nyumba ya mtu. Alimsimamisha hapo akauliza kama barua hiyo Mheshimiwa ameiona kwa macho yake au ameambiwa. Ameiona, akasema, ina mihuri miwili. Mama akafikiri, akaitikia, ingawa moyo ulikuwa ukimkataza.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa askari wenyewe. Watakuwa mia sita. Watakwenda na magari arobaini, watafuata barabara hadi mji wa pili, watalinda madaraja mawili, watayasindikiza malori usiku na mchana. Mheshimiwa akalowesha kidole na kumtazama. Kichwa hakikushuka.

"Hapo wamekwenda," mama akasema. "Wanarudi ukurasa gani?"

Mheshimiwa akafunua ukurasa wa nne, akaupitisha macho juu hadi chini. Ulikuwa wa biashara, faida za njia ikifunguka, na shukrani kwa Spika. Akarudi wa tatu. Akasema kurudi ni jambo la makamanda, wao ndio watajua kazi imekwisha lini.

"Wanaotuma ni nyinyi," mama akasema. "Mimi mtoto nikimtuma dukani namwambia na saa ya kurudi. Asiporudi najua saa ya kuanza kumtafuta. Nyinyi mtaanza kuwatafuta lini?"

Hakuwa amepaza sauti. Alisema kama anayeuliza sukari iko wapi. Lakini Mheshimiwa alichukua kalamu na kuandika pembeni ya karatasi, akafuta, akaandika tena kwa maneno mepesi, na mama, aliyekuwa akiisoma karatasi ile kichwa chini, aliona neno tarehe limepigiwa mstari. Akamwuliza na jambo lingine, gari likiharibika njiani nani analifuata. Hilo pia akaliandika. Kufuli akagonga, akasema kamati imekwisha kukaa, mwenyekiti anauliza. Mheshimiwa akavaa koti. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kwamba wajumbe wengi hawatapenda, maana azimio lenye tarehe linaonekana la woga, na kwamba asitegemee. Habari za simu hakuzitaja tena. Mama naye hakuzitaja, ila alipobaki peke yake chumbani na ile simu, alitoka haraka na sinia lake kama anayekimbia moto.

Chumba cha kamati kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu. Kanuni yake ilijulikana na kila mpika chai wa jengo lile: mlango ukifungwa, chai inangoja nje hadi mtu afungue kutoka ndani. Mama alisimama na kigari cha chai. Aliyemleta pale alikuwa Kufuli mwenyewe, aliyembadilishia zamu na mpika chai wa kamati bila kueleza sababu, akamwambia tu asije akamwaga maziwa kwenye zulia.

Ukuta ulikuwa mnene. Maneno hayakusikika, sauti tu, moja ikipanda na nyingine ikiikata. Mara alidhani amesikia kukohoa mara mbili. Mara kicheko cha watu wengi, na alichukia kicheko kile kuliko ambavyo angechukia matusi. Chai ilipoa, akaibadilisha, akarudi mbio akihofia mlango umefunguliwa akiwa hayupo. Haukuwa umefunguliwa. Wifi yake alituma ujumbe kwenye simu akiuliza kuna habari gani, kisha mwingine, kwamba hata marobota yakiozea huko, basi, yeye hawezi kulala. Mama alisoma ujumbe ule mara mbili. Hakujua amjibu nini, akamwandikia kwamba wako ndani.

Saa saba kasorobo mlango ukafunguliwa. Wajumbe wakatoka wawili wawili, wakipita pembeni ya kigari chake bila kumwona, wakizungumza habari za chakula cha mchana. Mmoja, mwenye sauti nzito, alikuwa akimwambia mwenzake kwamba Bwana Ramani siku hizi anapangiwa vita na jikoni. Mama aliinamisha uso juu ya vikombe. Mheshimiwa akatoka karibu wa mwisho, koti mkononi, shati limelowa mgongoni.

"Siku tisini," akamwambia, akisimama kidogo tu, kama anayeagiza chai. "Wameikubali kwa tofauti ya kura moja. Zikiisha, ama Bunge linapiga kura upya, ama wanarudi. Lile la magari limekataliwa. Kura ya jioni ikipita, wanaondoka usiku huu." Kisha, taratibu zaidi, "Jina la binti yako sikuligusa."

"Sikukuomba uliguse," mama akasema.

Akajaribu kuzipanga siku tisini kichwani. Miezi mitatu. Mvua zitakuwa zimekwisha. Aliziona kama ngazi, na akaanza kuzishuka moja moja, na kwenye ile ya kwanza kabisa mguu wake ukakosa pa kukanyaga.

"Mheshimiwa," akasema. Yule mtu alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili. "Zinahesabiwa kuanzia lini?"

"Kuanzia..." Mheshimiwa akaanza. Akafungua faili pale pale ukumbini, akalishikilia kwa kidevu huku akitafuta karatasi. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Siku ya kura, au siku ya kuvuka mpaka, au siku ambayo kamanda atasema kazi imeanza, karatasi haikusema, na hesabu isiyo na mwanzo haina mwisho.

Alitazama nyuma. Mwenyekiti na karani walikuwa bado ndani wakikusanya nyaraka, na karani alikuwa amekwisha kushika muhuri wa kulifunga azimio. Mheshimiwa alirudi kwa hatua ndefu, akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Mama alishika mpini wa kigari. Ukumbi ulikuwa mtupu sasa. Alisikia sauti ya mwenyekiti ikisema neno moja, fupi, asiloweza kulitambua kama ni ndiyo au hapana, na baada yake kiti kikiburutwa. Halafu hakusikia tena kitu. Alisogea, kigari na yote, hadi magurudumu yakagusa kizingiti, akasimama hapo akiukodolea macho mlango, ambao haukufunguka.